Kamera aliyoiacha mezani kwa nusu saa

"Mshauri, shikamoo. Nakusanya kamera za zamani za filamu, huu mwaka wa kumi na moja, na ninazo kumi na tisa. Miaka minne iliyopita, kwenye gulio la vitu vya zamani, nilikuta Rolleiflex 2.8F, ile ya lenzi mbili, ikiwa ndani ya mfuko wake wa ngozi. Bei aliyonitajia muuzaji ilikuwa chini sana kuliko nilivyozoea kuona, na fedha nilikuwa nazo mfukoni. Nikamwambia, 'Ngoja nizunguke kidogo, narudi.' Nikazunguka kama nusu saa. Niliporudi nilimkuta bwana mmoja ameshaivaa shingoni, ameinama anachungulia kwenye kioo chake huku akitabasamu. Tangu siku ile sina amani. Nikilala naiona. Wenzangu wananiambia haikuwa riziki yangu, na maneno hayo yananiudhi, kwa sababu riziki ilikuwa mbele yangu na mimi ndiye niliyeondoka. Sasa bei zimepanda, ni karibu mara tatu ya ile. Zimenipitia nyingine tatu na zote nimezikataa. Nikikumbuka bei ya siku ile mkono hautoki mfukoni. Upande mwingine, mwaka huu nimenunua kamera sita nisizozihitaji, kwa hofu tu ya kuzikosa. Zipo kabatini, hata filamu sijazitia, na kusema kweli ni zaidi ya mwaka sijapiga picha kwa kamera yoyote. Wiki iliyopita mtu amenitangazia Rolleiflex 2.8F nyingine, anasubiri jibu langu. Je, niinunue? Na nifanyeje niache kuijutia ile ya kwanza?"

Marahaba, ndugu yangu. Ahsante kwa kuandika kwa urefu, barua yako nimeirudia mara tatu. Kwa juu juu ina mambo mawili yanayopingana: Rolleiflex unaikataa kila inapokuja, na kamera nyingine unazizoa hata usipozitaka. Mtu wa pembeni angekwambia ujipange, uwe na msimamo mmoja. Mimi naona ni jambo moja lenye mikono miwili, na yote miwili inaanzia kwenye ile nusu saa ya gulioni. Tuanzie huko, kisha nitakujibu kuhusu huyo muuzaji anayekusubiri.

Kuna kitu hukukiandika. Umenieleza bei, umenieleza mfuko wa ngozi, umenieleza mpaka tabasamu la yule bwana. Kamera yenyewe ilikuwaje, hukusema. Mtu wa miaka yote hiyo katika shughuli hii anajua Rolleiflex inavyokaguliwa. Unafungua mgongo, unaweka shata, yaani kile kilango cha kuingizia mwanga, kwenye sekunde moja, unabonyeza, unatega sikio. Ikiwa nzima utasikia gia ndogo zikikimbia kwa mwendo ule ule hadi mwisho, kisha inajifunga. Ikiwa mafuta ya ndani yameganda kwa uzee, mlio unasuasua na kukwama njiani, na vile vibati vya shata vinabaki wazi kama jicho lililosahau kupepesa. Halafu unamulika lenzi kwa tochi kutokea nyuma, maana kuvu hawaonekani vizuri kwa mwanga wa kawaida. Chini ya tochi wanajitokeza kama nyuzi za utando wa buibui, na wakishakila kioo hakuna fundi wa kukirudisha kilivyokuwa. Halafu unazungusha mkono wa filamu. Halafu mita ya mwanga kama ipo, ambayo kwa kamera za rika hilo mara nyingi imeshachoka.

Kwa ulivyoandika, sioni kama ulifika hata kwenye hatua ya kwanza. Sisemi ilikuwa mbovu. Huenda ilikuwa nzima kabisa. Ninachosema ni kwamba hujui, wala hutajua, na akili haipendi pengo la namna hiyo, kwa hiyo imelijaza kwa jibu moja tu, lile linaloumiza. Kamera uliyoiacha mezani ilikuwa chombo cha chuma na kioo chenye miaka mingi mgongoni. Kamera unayoiona ukilala haina kuvu, shata yake haikwami, na bei yake haibadiliki. Zile tatu ulizozikataa ulizipima kwa hiyo ya ndotoni, na hakuna kamera iliyotengenezwa kiwandani itakayoishinda.

Sasa, kwa nini ikae miaka minne? Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye, na waliokuja kuyapima kwa utafiti wamekuta jambo linalokaribiana na hilo. Mwaka 1982 Daniel Kahneman na Amos Tversky waliwaeleza watu habari ya wawekezaji wawili waliopoteza kiasi kile kile cha fedha. Mmoja alikuwa amehamisha hisa zake kutoka kampuni moja kwenda nyingine, akala hasara. Mwenzake alifikiria kuhamisha, akaacha, naye akala hasara ile ile. Wengi mno walisema anayejuta zaidi ni aliyehamisha. Zaidi ya miaka kumi baadaye, Thomas Gilovich na Victoria Medvec waliuliza kwa namna nyingine: ukiyatazama maisha yako yote nyuma, unajutia zaidi uliyoyafanya au uliyoyaacha? Hapo jibu likageuka. Tendo baya huchoma kwa ukali siku za mwanzo, ila lile tusilolitenda ndilo linalotusindikiza miaka.

Sababu mojawapo naijua kwa mikono yangu. Mimi nakusanya stempu tangu utotoni. Niliwahi kununua stempu ya zamani iliyokuwa safi ajabu, gundi yake ya nyuma inang'aa. Nilipoipeleka kwa mjuzi aliigeuza chini ya taa, akanionyesha gundi ilivyofurika hadi kwenye ncha za meno ya pembeni. Ilikuwa imepakwa gundi mpya ili iuzwe kwa bei ya stempu isiyowahi kubandikwa. Niliumia mwezi mzima. Kisha nikajifunza kuangalia meno kabla ya kuangalia picha, nikawaonyesha na wengine, na leo stempu ile ndiyo naitoa ninapofundisha. Kosa hilo lilipata mwisho kwa sababu nilikuwa nalo mkononi: ningeweza kuliuza, kulirekebisha, kujifunza kwalo. Lakini ipo bahasha niliyoiacha kwa muuzaji mwingine miaka mingi kabla ya hapo, na hadi leo naweza kukuchorea mihuri yake ilivyokaa, mmoja umeinama kushoto, mwingine umekanyaga pembe ya stempu. Bahasha ile haikunipa nafasi ya kugundua kasoro zake. Imebaki pale pale, changa vile vile.

Halafu kuna ukaribu. Ungesikia kwamba Rolleiflex ya bei hiyo iliuzwa kwenye gulio la mji mwingine, mwezi mmoja kabla hujafika, ungesema "loh!" na kuendelea na siku yako. Matokeo yangekuwa yale yale, kwamba kamera huna, lakini usingeandika barua hii. Medvec na Gilovich, pamoja na Scott Madey, walizitazama sura za washindi wa Olimpiki ya Barcelona ya mwaka 1992, wakaona waliopata medali ya shaba walionekana kuwa na furaha kuliko waliopata ya fedha. Wa fedha anaitazama dhahabu iliyomponyoka. Wa shaba anamfikiria aliyeshika nafasi ya nne, asiyepata kitu. Wewe umesimama pale pa medali ya fedha kwa miaka minne. Akili inarudi gulioni, inabadilisha jambo dogo tu, ungezunguka dakika kumi badala ya thelathini, na kamera inakuwa yako. Na kwa kuwa badiliko lenyewe ni dogo hivyo, moyo unahisi bado linawezekana.

Ndiyo maana "haikuwa riziki yako" inakuudhi. Wenzako wamekupa neno la kufungia mlango, na ni neno jema, huenda siku moja likakufaa. Ila wamelitoa kabla hujamaliza kusema, kwa hiyo limeingia masikioni kama unaambiwa unyamaze. Nakubaliana nawe: ni wewe uliyeondoka. Usijisumbue kulipinga hilo. Lakini kukubali kwamba uliondoka hakukulazimishi ukubali pia kwamba uliondoka kwa upumbavu, na hapa nataka kukusahihisha.

Unaandika kana kwamba siku ile ulijua. Ulijua nini hasa? Uliona bei ya chini isivyo kawaida. Kwa mnunuzi mzoefu bei ya namna hiyo ni sababu ya kutilia shaka: yaweza kuwa mali ya wizi, yaweza kuwa imekufa ndani. Kuzunguka, kutuliza moyo na kulinganisha ni mwenendo ambao bila shaka umekuokoa mara nyingi katika miaka yako ya ukusanyaji, ila mara hizo huzikumbuki kwa sababu hazikuacha kovu. Ungeinunua palepale ikatokea mbovu, mtu angekwambia haraka haraka haina baraka. Umeikosa, unajiambia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Zote mbili ni kweli, na zote mbili tunazikumbuka baada ya tukio.

Baruch Fischhoff na Ruth Beyth walilifanyia jambo hili utafiti mzuri sana. Kabla ya Rais Nixon wa Marekani kusafiri kwenda China na Moscow mwaka 1972, waliwaomba watu wakadirie uwezekano wa mambo kadhaa kutokea katika safari hizo. Safari zilipokwisha, waliwaomba wakumbuke makadirio yao wenyewe. Kwa mambo waliyoamini yametokea, walijikumbuka wakiwa na uhakika mkubwa kuliko ule waliouandika. Tukio likishapita, hujipenyeza kwenye kumbukumbu ya zamani na kukaa humo kama mwenyeji. Bei kupanda mara tatu haikuwapo juu ya meza ile. Wewe ndiye uliyeipeleka pale, miaka ya baadaye.

Na kuhusu bei yenyewe, kuna imani nyingine ambayo wakusanyaji tunaambukizana, kwamba kilichotuponyoka kingepanda tu siku zote. Kisa kinachosimuliwa zaidi kati yetu wa stempu ni cha British Guiana, koloni la zamani la Uingereza ambalo leo ni nchi ya Guyana. Mwaka 1856 koloni hilo lilipungukiwa na stempu kwa kuwa shehena kutoka Uingereza ilichelewa, ikabidi zichapwe chache hapo hapo Georgetown. Ile ya senti moja, wino mweusi juu ya karatasi ya rangi ya magenta, imebaki moja tu inayojulikana duniani. Mwaka 1873 mtoto wa miaka 12, Louis Vernon Vaughan, aliikuta kwenye karatasi za nyumbani kwao akaiuza kwa shilingi 6. Mwaka 2014 ilinunuliwa mnadani New York kwa karibu dola milioni 9.5. Msimuliaji kwa kawaida hukomea hapo, wasikilizaji wakashika vichwa kwa huruma. Mimi huendelea mbele kidogo. Mwaka 2021 mwenye nayo, Stuart Weitzman, aliipeleka tena mnadani, ikauzwa dola milioni 8.3. Stempu ya pekee duniani ilikaa kwa tajiri miaka saba, ikatoka kwa pungufu ya zaidi ya dola milioni moja.

Vitabu vya katuni vinafundisha zaidi. Toleo la kwanza la Action Comics, la mwaka 1938, liliuzwa senti 10, na mwaka 2014 nakala moja ilifika dola milioni 3.2. Ilifika huko kwa sababu watoto walizisoma nakala zao, wakazikunja, wakazitupa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi kuukuu zilikusanywa kwa ajili ya mahitaji ya vita. Anayelia leo kwamba babu yake alitupa nakala anasahau kwamba kama kila babu angeitunza, isingekuwa na bei hiyo. Ikaja zamu ya wale waliojifunza kutunza: X-Men namba 1 ya mwaka 1991 iliuzwa nakala zaidi ya milioni 8, watu wakazifungia kwenye plastiki wakingojea utajiri. Hadi leo toleo hilo linapatikana kwa fedha kidogo, na wengi walionunua rundo hawajapata walichotarajia.

Kwa hiyo kabla hujalilia kitu, jiulize kama ni cha pekee au kilitoka kiwandani kwa wingi. Anayekosa kitu cha pekee amekosa kweli, na ana haki ya kuomboleza. Rolleiflex zilianza kutengenezwa mwaka 1929 na kampuni ya Franke & Heidecke ya Braunschweig, Ujerumani, na kazi hiyo iliendelea miongo mingi. Ushahidi umeuandika mwenyewe: baada ya ile ya kwanza zimekupitia tatu, na sasa hii ni ya nne. Uliyoikosa ni bei. Kamera imekuwa ikikujia karibu kila mwaka.

Basi kwa nini huichukui? Mwaka 1995 Orit Tykocinski, Thane Pittman na Erin Tuttle walionyesha kwamba mtu aliyekosa nafasi nzuri sana huwa mgumu kuichukua inayofuata, hata kama hiyo inayofuata bado ina nafuu kuliko bei ya kawaida. Na kadiri tofauti kati ya ile iliyoponyoka na hii iliyopo inavyokuwa kubwa, ndivyo anavyozidi kuikataa. Asiyewahi kuiona nafasi ya kwanza angechukua ya pili bila taabu. Jiulize hilo linavyofanya kazi kwako. Ukitoa leo mara tatu ya bei ile, utakuwa umeitilia hasara sahihi na muhuri, kwamba ndiyo, nusu saa ile ilinigharimu kiasi hiki. Usiponunua, hasara inabaki hewani, haina tarakimu. Kukataa kwako kunakulinda usiione tarakimu hiyo, na gharama ya ulinzi huo ni kwamba umekaa miaka minne bila kamera uliyokuwa ukiitaka.

Zile sita za kabatini zimetoka chungu hicho hicho. Kila ulipokutana na kamera ya zamani, uliyemwona mbele yako ni yule bwana akitabasamu, na ukanunua haraka ili asikuwahi tena. Nataka uwe mpole na nafsi yako juu ya hizo sita. Hukuwa mlafi. Ulikuwa unajaribu kurudi gulioni na kufika mapema, na huko hakurudiki.

Tuje kwa muuzaji wako. Njia ni tatu, na hakuna hata moja isiyo na gharama. Ukinunua, unaweza kupata kamera utakayoitumia miaka mingi, lakini nakuonya mapema kwamba haitaifuta ile ya kwanza. Wiki mbili za mwanzo huenda ukailinganisha kila ukiishika, ukaona mkwaruzo hapa na kule, ukasema "ile isingekuwa na hiki". Ukikataa, fedha zako zinabaki, na hilo ni jambo la heshima kabisa kama sababu ni kwamba huihitaji au huna uwezo. Kama sababu ni bei ya miaka minne iliyopita, utaikataa na ya tano. Ukingoja bei ishuke, huenda ikashuka, huenda isishuke. Kilichotokea kwa ile stempu na kwa ile Action Comics kinakuonyesha kwamba hakuna anayeweza kukuahidi.

Mimi ningekuuliza hivi. Fikiria siku ile hukwenda gulioni, ulikuwa nyumbani una mafua. Hujawahi kuisikia bei ile. Leo umeletewa kamera hii, kwa bei hii, katika hali hii. Ungeitoa fedha, ukijua kwamba haitoki kwenye kodi ya nyumba, ada ya mtoto wala mkopo? Kama jibu ni ndiyo, na ukaguzi ukawa mzuri, inunue bila kuomba msamaha kwa mtu. Kama jibu ni hapana, basi hata ya bei ile ulikuwa unaitaka kwa sababu ya urahisi wake, na ni vizuri kulijua hilo.

Ipo njia ya kuupima moyo ambayo ningependa uijaribu kwanza: uza tatu kati ya zile sita, na fedha zake ziwe sehemu ya bei ya Rolleiflex. Huenda ukauza kwa pungufu kuliko ulivyonunua, usishangae. Kama kuziachia kunakuwa rahisi, utaona hazikuwa zako tangu mwanzo. Kama huwezi kuachia hata moja, hata ile ambayo jina lake huna hakika nalo mpaka uifuate kabatini, hapo tuna mazungumzo mengine, na nitayagusa hivi punde.

Kwa siku zijazo, ile nusu saa ina dawa nyepesi ambayo wakusanyaji wengi hawaitumii kwa aibu. Ukitaka kuzunguka, mwambie muuzaji wazi akuwekee mpaka saa fulani, na umwachie amana kidogo kwa makubaliano kwamba usiporudi ni yake. Wengi hukubali. Asiyekubali, kaa hapo hapo uikague kamera kwanza kabla ya kuzunguka, ili ukiondoka uwe unaijua, maana ni rahisi mno kuachana na kamera uliyosikia shata yake ikikwama. Chukua na namba yake ya simu. Na nyumbani, kabla hujatoka, uwe na karatasi yenye vitu vichache unavyovitafuta kweli, kila kimoja na bei yako ya juu kabisa, uliyoiandika ukiwa umetulia. Mimi ya kwangu ina mistari mitano. Kisichomo kwenye karatasi, hata kiwe rahisi vipi, nakipa usiku mmoja. Kilichomo, kikiwa kizima na chini ya bei niliyoandika, nalipa hapo hapo wala sizunguki.

Sasa lile la kwenda kumwona mtu ana kwa ana. Majuto ya kawaida ya mkusanyaji hayahitaji tiba, hupungua yakisemwa kwa msikilizaji asiyekukatiza, na barua yako ni mwanzo mzuri. Lakini umeandika "nikilala naiona". Ikiwa ni mara moja moja, sawa. Ikiwa ni usiku mwingi kwa majuma kadhaa, unaamka umechoka, chakula hakiliki, kazi inakushinda, mtafute mshauri nasaha au mwanasaikolojia aliye karibu nawe, kwa sababu pengine kamera imebeba jambo jingine ambalo kwenye maandishi mimi siwezi kulifikia. Nenda pia kama unakopa ili ununue, kama unawaficha wa nyumbani vifurushi vinavyoingia, au kama ununuzi wa hofu unajirudia hata baada ya kuamua kuuacha. Na kama jaribio la kuuza tatu litakuletea uchungu mkubwa, na vitu vimeanza kukunyima nafasi ya kuishi chumbani mwako, lieleze hilo bila kuona haya. Tangu mwaka 2013 kurundika vitu kupita kiasi kunatambuliwa katika mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kama tatizo linalojitegemea, lina wataalamu wake na lina msaada. Kwa ulivyoeleza, sioni dalili kwamba umefika huko. Nalitaja ili ulijue.

Kilichonigusa kuliko vyote umekiweka katikati ya sentensi, kama kitu cha kupitiwa: ni zaidi ya mwaka hujapiga picha. Una kamera kumi na tisa, na moja usiyokuwa nayo imezinyamazisha zote. Kabla hujamjibu muuzaji, nakuomba ufanye jambo moja. Fungua kabati, uchukue ile unayoipenda zaidi, hata kama ni ya bei ndogo kuliko zote, utie filamu. Maliza mkanda mzima. Usichague vitu vya ajabu. Piga mlango, piga mtu unayekaa naye, piga mwanga wa jioni ukutani. Uoshe filamu, utazame picha. Itakuchukua siku chache, na muuzaji wa kweli atangoja siku chache ukimwambia una nia na unaikagua.

Wakati unangoja filamu yako, mwandikie na umwombe vitu vitatu: picha ya lenzi zote mbili zikiwa zimemulikwa kwa tochi, sauti ya shata ikiwa kwenye sekunde moja, irekodiwe mara tatu mfululizo, na ruhusa ya kuirudisha kamera ndani ya wiki moja kama fundi wako atakuta kasoro. Akikataa la tatu, mwombe akutane nawe kwa huyo fundi. Uende na tochi yako.